Kijiji Kilichoshonwa kwa Uzi

Tulipolifungua sanduku la mama, wiki mbili baada ya kumzika, harufu ndiyo iliyotangulia kutoka. Kulikuwa na zile tembe nyeupe za kufukuza nondo, moshi wa kuni, na kitu kingine ambacho dada yangu mdogo alisema ni panya aliyekufa. Hakuwa panya. Yalikuwa mafuta ya taa yaliyochanganyika na peremende kali na sweta iliyolowa, nami ningeijua harufu hiyo hata usingizini, kwa sababu ndiyo harufu ya nyumba ya Misi. Chini kabisa, chini ya shuka ambazo mama hakuwahi kuzitandika, palikuwa na kitambaa kimekunjwa mara nne. Sikukikunjua papo hapo. Nilikiweka mapajani, nikawaacha wenzangu wagawane masufuria.

Wa rika langu mliokulia upande wa Kibirichia hamhitaji kuelezwa baridi ya huko, wala habari za walimu Wazungu waliobaki baada ya bendera kubadilishwa. Wengi walifunga mizigo wakaenda zao. Misi alibaki. Alifundisha ushonaji na Kiingereza katika shule ya wasichana iliyopakana na shamba letu. Alikuwa mrefu, mwembamba, goti moja bovu, na Kiswahili chake cha kitabuni kilituchekesha kwa usafi wake. Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Hata wazee walimwita Misi. Kila Jumamosi alifungua mlango wa nyumba yake ya mawe kwa mtoto yeyote aliyetaka kusoma kitabu karibu na moto. Sitawadanganya: mimi nilifuata moto na biskuti. Kitabu kilikuwa nauli.

Kitambaa kilining'inia ukutani juu ya moto ule. Misi alikuwa amekishona mwenyewe akiwa msichana, na kilionyesha kijiji kizima alikozaliwa huko Uingereza. Nyumba zilikuwa zimebanana ukuta kwa ukuta, bila shamba katikati, bila hata tuta moja la viazi. Katikati palisimama mnara wa mawe. Upande wa chini palikuwa na maji ya samawati yaliyozunguka nusu ya kijiji, na juu ya maji daraja moja tu. Kando ya mnara palikuwa na jiwe lililosimama wima, limeshonwa vistari vyeusi, kimoja chini ya kingine.

Misi alipenda kuulizwa, nami nilipenda kuuliza maana wakati wa maswali biskuti ziliendelea kuja. Daraja, alisema, lilijengwa na watawa kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Ile nyumba yenye kibao mlangoni ilikuwa ya wageni, na mfalme mmoja aliwahi kulala humo kwa sababu farasi wake alikuwa anachechemea. Pale penye uzi mwekundu palikuwa kwa mhunzi. Kufikia likizo ya Agosti nilikuwa naijua historia ya kijiji kile kuliko ya kwetu. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanisumbua. Mnara, maji, daraja moja, nyumba zilizobanana: mimi nilikuwa nimeshaambiwa habari za mahali kama hapo, na aliyeniambia alikuwa Nyanya.

Nyanya, mama yake baba, alikaa nasi. Baba alifanya kazi Nanyuki akija mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani serikali ilikuwa Nyanya. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa kabla ya mimi kuzaliwa, wakoloni waliwatoa watu mashambani, wakachoma nyumba zao, wakawarundika katika vijiji. Nyanya alituhadithia mara nyingi, mikono yake ikichambua maharagwe. Kijiji chao kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Daraja lilikuwa moja. Juu ya mnara alikaa homgadi, mlinzi wa wakoloni, na bunduki. Jioni kipande cha reli kilipogongwa, kila mtu awe ndani, na asiyekuwa ndani aliijua asubuhi yake. Kutoka kijiji hicho ndiko babu yangu alikochukuliwa kwa lori pamoja na wanaume wengine. Hakurudi. Hakuna aliyejua alizikwa wapi, au kama alizikwa.

Nyanya alisimulia yote hayo bila chozi. Kilichomkera ni hilo la mwisho. "Mtu asiye na kaburi," alikuwa akisema, "hata hujui usimame wapi ukitaka kumgombeza." Na kwa sababu hiyo hakuwa na haja na Mzungu yeyote. Njia fupi ya sokoni ilipita mbele ya lango la shule. Yeye alizunguka na bonde, gunia mgongoni, mvua inyeshe isinyeshe.

Basi ule mwaka shule ikaitaka nyumba ya Misi. Alikuwa amefikia umri wa kustaafu, na wakubwa wake waliona heri arudi kwao. Nilimkuta Jumamosi moja amekaa mbele ya moto bila kitabu. "Kule sina mtu tena," aliniambia. "Watanipa chumba katika nyumba ya wazee, na dirisha linalotazama ukuta." Alitaka kubaki. Pesa za kujenga vyumba viwili vya mbao alikuwa nazo. Mahali ndipo hakuwa napo. Na mahali pekee ambapo goti lake lingemruhusu kutembea hadi kanisani palikuwa ule ukanda wa chini wa shamba la Nyanya, uliogusa ua wa shule.

Mzee wa kanisa alikuja kumwombea ukanda huo. Nyanya alimkaribisha uji, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie akaombe kwa waliomtuma." Mzee akamaliza uji wake haraka akaaga.

Mimi nililia nyuma ya ghala ya viazi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi na sikuwa nimewahi kumpoteza mtu. Jumamosi iliyofuata nikaamua kuuliza yale niliyokuwa nikiyaogopa.

"Misi, huu mnara ulikuwa wa nini?"

"Wa kengele. Ikilia, watu wote walikuja."

"Na asiyekuja?"

Alitabasamu kidogo. "Aliulizwa kwa nini."

"Njia ya kutoka ilikuwa moja?"

"Moja tu. Juu ya daraja."

"Na vistari hivi kwenye jiwe?"

Hapo tabasamu likamwisha. Alisema ni majina ya wanaume wa kijiji waliochukuliwa wakati wa vita wasirudi. Akainuka na fimbo yake, akaweka kidole kwenye kistari cha tatu. "Huyu ni baba yangu," alisema.

Nilirudi nyumbani mbio. Nani angehitaji ushahidi zaidi? Nyanya alikuwa ghalani akichagua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa kule. Nikamwaga yote kwa Kimeru, bila kupumua: mnara, kengele, maji kuzunguka, daraja moja, wanaume waliochukuliwa. Nikamwambia Misi naye alikulia ndani ya handaki.

Nyanya aliacha kuchagua. "Wazungu wakiwafungia Wazungu?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Na baba yake akachukuliwa?"

"Jina lake lipo kwenye jiwe."

"Aiii!" Alitikisa kichwa, kiazi kingali mkononi. "Kumbe watu hawa hawana hata ndugu. Sisi tulidhani wanatuchukia sisi."

Siku ya nne, tukila, alimwambia mama kwamba yule Mzungu ajenge pale chini. Mama alikuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku hiyo hakunyamaza. "Mama, umesahau ni akina nani?"

"Sijasahau. Mtu wa handaki ni mtu wa handaki. Pitisha chumvi."

Kesho yake sikungoja Jumamosi. Nilimpelekea Misi habari njema, na kwa furaha yangu ya kijinga nikampa na sababu yake. Mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa, alicheka mpaka akashika kiuno, halafu uso ukawa mwekundu. Alikiangua kitambaa ukutani akakitandaza mezani, akanivuta karibu. Kwa mara ya kwanza nikayaona yale maji kwa karibu. Ndani yake palikuwa na mabata, madogo, meupe, yameshonwa moja moja, na moja lilikuwa limezamisha kichwa likaacha mkia juu.

"Hili ni bwawa la bata," alisema. "Tulikuwa tunawatupia mkate. Kengele ilikuwa ya ibada. Mtoto wangu, mimi nilikuwa na furaha pale. Babu zako ndio waliofungwa, na waliofunga walikuwa watu wangu." Alikaa kitako. "Lazima nimwambie Nyanya yako."

"Misi, atakunyima shamba."

"Na aninyime. Ni lake."

Nilimchukia kidogo siku ile, sitaficha. Niliona ananipotezea kitu nilichokuwa nimempatia kwa shida, na ananipotezea kwa sababu ya bata.

Alikuja Jumatano, akichechemea, kitambaa kimezungushiwa gazeti chini ya kwapa. Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Misi alikuwa ameishi Kibirichia miaka na miaka lakini Kimeru chake kiliishia kwenye "Muuga," salamu tu. Nyanya naye Kiswahili alikisikia kama ndege juu ya mti. Mama alikuwa sokoni. Kati ya wanawake wale wawili palikuwa na benchi, kibuyu cha uji, na mimi.

Misi alikitandaza kitambaa kwenye mapaja ya Nyanya. Nyanya alipangusa mikono kwenye lesso kabla ya kukigusa. Alisukuma kidole pole pole kwenye mshono wa mnara, kwenye daraja, kama mtu anayekagua kikapu cha mwenzake.

"Muulize, haya maji yalichimbwa na nani?"

Nikauliza. Misi alisema babu yake na wanaume wa kijiji. Nikatafsiri vilivyo. Nyanya akaitikia, hata kwao ilikuwa hivyo, walichimbishwa wenyewe.

"Na hivi vyeupe ndani?"

Sikumuuliza Misi. "Ni mawe, Nyanya," nilisema.

Ndipo Misi akaanza yake. Aliongea kwa muda mrefu, akimtazama Nyanya usoni, si mimi. Alisema kijiji chake hakikuwa gereza. Alisema hakuna mtu aliyewahi kuwafungia. Alisema anajua kilichotendwa hapa, na kwamba hataki kupewa ardhi kwa sababu isiyo ya kweli. "Haya, mwambie," akasema.

Nikamgeukia Nyanya. "Anasema asante."

Nyanya alinitazama. "Maneno yote hayo ni asante?"

"Wazungu hushukuru kwa maneno marefu, Nyanya."

Sijui kama alicheka au alikohoa. Aliinamia tena kitambaa, kidole kikapita taratibu hadi kwenye jiwe, kikasimama. "Haya ni yale majina?"

"Ndiyo."

"Muulize baba yake alizikwa wapi."

Nilimuuliza Misi, na nilimuuliza vizuri, kwa sababu Nyanya alikuwa amelisema swali lile kwa sauti ambayo sikuthubutu kuichezea. Misi alikitazama kistari cha tatu. "Sijui," alisema. "Hakuna anayejua. Mama yangu aliandika barua mpaka akafa. Lililobaki ni jina tu, kwenye jiwe."

Hilo sikuliongeza wala kulipunguza. Nilimwambia Nyanya neno kwa neno: hajui, hakuna anayejua, mama yake aliuliza mpaka akafa, limebaki jina tu. Nyanya alimtazama yule mwanamke mwenye goti bovu, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akakikunja kitambaa kwa uangalifu akamrudishia. Alimimina uji kwenye kata, akanywa nusu, akampa Misi nusu. Halafu akainuka akachukua jembe mlangoni. Tulimfuata hadi chini ya shamba, Misi na fimbo yake, na Nyanya akachimba mashimo manne, moja kila pembe ya kiwanja.

Hivyo ndivyo Misi alivyopata mahali, kwa uongo wangu. Nilikaa na siri hiyo nikiogopa kila siku kwamba mtu atafundishana na mtu lugha. Nyumba ilijengwa, vyumba viwili na bomba la moshi. Nyanya alianza kupita njia fupi ya sokoni. Mimi nikaenda shule ya bweni, na kila niliporudi likizo niliwakuta wamekaa kwenye lile benchi, mmoja akisuka kiondo, mwingine akishona, wakiongea lugha ambayo haikuwa ya mtu yeyote. Nyanya alikuwa ameacha kuniita kwa jina langu, Kagwiria. Aliniita Mkalimani, kwa Kimeru chake, na kila akiniita alicheka peke yake. Nilidhani ananisifu.

Misi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Watu wa kanisa walitaka kumpeleka makaburi ya Meru mjini, na Nyanya akawauliza kama mtu huzikwa sokoni wakati ana kwao. Akazikwa pale chini, ndani ya zile pembe nne. Nyanya alimfuata miaka michache baadaye. Sikuwahi kumwungamia. Nilisema nitafanya likizo ijayo, na likizo zina mwisho.

Masufuria yalipokwisha kugawanywa, nilikikunjua kitambaa. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini mnara ulikuwepo, na daraja, na bata mmoja mkia juu. Binti yangu aliinama begani kwangu. "Mama, hii ni nini hapa?"

Alikuwa ameweka kidole kwenye jiwe. Chini ya vistari vyeusi, mahali palipokuwa wazi nilipokuwa mtoto, palikuwa na herufi za uzi mwekundu. Haikuwa kazi ya Misi. Misi alishona mishono midogo iliyolingana, na hii ilikuwa mikubwa, mizito, imekazwa kwa mkono uliozoea kamba za kiondo. Herufi zilipanda na kushuka, na K ilikuwa imegeuka nyuma. M'IKIARA. Jina la babu yangu, limeshonwa na mwanamke asiyejua kusoma.

Nilikaa chini kwenye sakafu. Hakuna mkalimani aliyekuwepo siku liliposhonwa. Misi alimwandikia Nyanya herufi kwenye karatasi, Nyanya akazifuata kwa sindano, na ili kufika kwenye jiwe lile mkono wake ulilazimika kupita juu ya maji. Nyanya alifuga kuku na bata maisha yake yote. Mawe, nilimwambia! Na yeye akaniacha niamini kwamba ameamini.

Nililia, na wenzangu wakadhani namlilia mama. Binti yangu, ambaye ana mkono mzuri wa kushona, alisema anaweza kuifumua ile K na kuigeuza mbele vizuri. Nikamwambia akithubutu nitamlaani. Sasa kitambaa kimo sebuleni kwangu, ndani ya kioo. Babu yangu ana jiwe moja tu duniani, na liko katika kijiji cha Uingereza ambako hakuna hata mmoja wa ukoo wetu aliyewahi kufika.